Mama anakohoa tangu aanze kumeza dawa ya UTI kila usiku: je, dawa inaweza kuumiza mapafu?

Binti wa Makambako (mwuliza swali)

Wanajukwaa, habari za jioni, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Naomba ushauri kuhusu mama yangu mzazi, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 68, ambaye tunaishi naye hapa Makambako. Kwa muda mrefu amekuwa akisumbuliwa na UTI inayoondoka na kurudi. Mwaka jana aliandikiwa nitrofurantoini ya siku 7, akapata nafuu kubwa, lakini baada ya wiki kadhaa hali ikamrudia. Iliporudi kwa mara ya tatu, mwezi wa kumi, aliambiwa ameze kidonge kimoja kila usiku ili kuzuia ugonjwa usijirudie, kisha aonane tena na daktari baada ya miezi mitatu. Hakurudi. Kwa kuwa dawa ilimfaa, aliendelea kuinunua mwenyewe, na sasa anatimiza miezi tisa akiimeza bila kukosa hata usiku mmoja, maana mama ni mtu wa utaratibu.

Kikohozi kilianza mwezi wa nne. Ni kikavu, hakina makohozi, na humjia zaidi anapotembea au anapozungumza kwa muda mrefu. Sisi tulidhani ni mvua za masika, baadaye tukasema ni baridi ya Juni, kwa sababu huku kwetu mwezi huo kila nyumba ina mtu anayekohoa. Kilichonishtua ni kwamba kile kilima cha kwenda kanisani, ambacho mwaka jana alikipanda huku akiimba, sasa anakipanda kwa kupumzika mara mbili, na gauni lake la kitenge linampwaya.

Tumekwenda vituo viwili tofauti. Cha kwanza walimpa amoksilini, cha pili wakampa azithromaisini na dawa ya maji ya kikohozi. Alipimwa makohozi kwa GeneXpert na haikuonekana kifua kikuu. Eksirei ilionyesha weupe sehemu za chini za mapafu yote mawili, tukaambiwa ni nimonia inayochelewa kupona. Hakuna aliyeuliza ni dawa gani nyingine anameza, na mama naye hakuitaja, kwa kuwa kwake hiyo ni dawa ya mkojo na haina uhusiano na kifua. Juzi ndipo binamu yangu, ambaye ni muuguzi, alipoliona boksi juu ya meza akasema dawa hii inaweza kuwa ndiyo inayomkohoza.

Je, jambo hilo lina ukweli? Mtu atajuaje kwamba ni dawa na si ugonjwa mwingine? Na kama ni dawa, aiache leo hii au asubiri kuonana na daktari?

Mzee wa Sao Hill

Binti yangu, pole sana kwa kuuguza. Nisingekimbilia kuilaumu dawa. Mama zetu wamepikia kuni miaka 50 katika majiko yasiyo na dirisha, na hapa Mafinga ninawaona watu wa viwanda vya mbao ambao vifua vyao vimechakazwa na vumbi. Hiyo nitrofurantoini hata mke wangu alipewa mwaka juzi, akapona, na hakukohoa hata siku moja. Mfukize kwa majani ya mkaratusi na tangawizi kwa wiki mbili, mweke mbali na moshi, kisha utupe majibu.

Mfamasia Mbeya

Dada, pole kwa kuuguza, na umshukuru binamu yako kwa jicho lake. Nitaanza na swali la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: mama asimeze kidonge cha usiku wa leo, na kesho umpeleke hospitali yenye daktari wa magonjwa ya ndani, ukiwa umebeba boksi la dawa, karatasi zote za vidonge zilizobaki, vyeti vyote vya nyuma na ile picha ya eksirei. Nitrofurantoini si dawa ya moyo wala ya kifafa ambayo kuiacha ghafla kunaleta hatari siku hiyohiyo. Akikosa siku mbili au tatu, jambo baya linaloweza kutokea ni UTI kurudi, na hiyo ina dawa nyingine. Kwa dawa zilizo nyingi nisingethubutu kumwambia mtu aache kabla hajaonana na aliyemwandikia, na naomba wasomaji wengine wasilichukue jibu hili kama ruhusa ya kuacha dawa zao.

Sasa kuhusu ukweli wa jambo lenyewe. Mama anasema ni dawa ya mkojo, na ninaelewa kwa nini anafikiri hivyo. Lakini kidonge hakijui kilinunuliwa kwa ajili ya kiungo gani. Kikishaingia kwenye damu kinasafiri nayo, na damu yote ya mwili hupita mapafuni ili ichukue oksijeni. Mapafu yamejengwa kwa mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa vyenye kuta nyembamba mno, na kuta hizo zikikasirishwa na dawa huvimba, hunenepa, na oksijeni hushindwa kupenya kama ilivyozoea. Ndiyo maana kikohozi huwa kikavu: hakuna usaha wa kutoa, kuna ukuta uliovimba. Wakati mwingine dawa yenyewe huunguza ukuta huo kama sumu, na wakati mwingine ni kinga ya mwili inayoiona dawa kama adui na kuishambulia ikiwa ndani ya mapafu, na hapo hata dozi ndogo inaweza kuleta shida.

Nitrofurantoini ni miongoni mwa dawa zinazojulikana zaidi kwa jambo hili, nayo huumiza kwa sura mbili zisizofanana. Sura ya kwanza hutokea upesi, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo: mtu hupata homa, baridi, kikohozi na kubanwa na pumzi, na akiwahi kuimeza zamani inaweza kumshika ndani ya saa chache tu. Huyo ni rahisi kumtambua, kwa sababu mwenyewe husema "tangu juzi nilipoanza dawa hii". Sura ya pili ndiyo inayofanana na ya mama yako. Huja polepole kwa mtu aliyeimeza kwa miezi 6 au zaidi, haina homa kubwa, hushika zaidi wanawake wenye umri mkubwa kwa kuwa ndio wanaopewa dawa hii kwa muda mrefu, na ikiachwa iendelee inaweza kuacha makovu yasiyofutika. Mwaka 2023 mamlaka inayosimamia dawa nchini Uingereza iliwakumbusha waganga wa huko juu ya madhara haya ya mapafu na ya ini, hasa kwa wazee na kwa wanaoitumia muda mrefu, kwa hiyo usidhani kwamba ni huku kwetu tu ndiko linakosahaulika.

Mzee wa Sao Hill, shikamoo. Moshi wa kuni na vumbi la mbao vinaumiza mapafu, hilo hatubishani. Lakini mama huyu amepikia kuni maisha yake yote na alikuwa anapanda kilima akiimba. Kilichobadilika katika mwaka huu mmoja ni kidonge cha usiku. Mke wako alikitumia kwa siku chache akapona, na ndivyo inavyokuwa kwa watu walio wengi sana, nami nisingependa dawa hii iogopwe, maana kwa UTI ya kibofu, kwa siku zilizoandikwa, ni dawa nzuri. Kumfukiza mtu ambaye tayari hapati oksijeni ya kutosha, chini ya blanketi, nakuomba tusimshauri.

Nigusie na dawa nyingine, kwa sababu najua wapo watakaosoma mada hii wakiwa na maboksi tofauti mezani. Madaktari wa Dijon, Ufaransa, wanatunza orodha iitwayo Pneumotox ya dawa zilizowahi kuripotiwa kuumiza mapafu, nayo ina mamia ya majina. Nyingi kati ya hizo hufanya hivyo kwa nadra sana. Zinazostahili kukaa kichwani ni chache: methotreksati ya baridi yabisi, amiodaroni ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, bleomaisini na baadhi ya dawa nyingine za saratani, pamoja na zile dawa mpya za saratani zinazoamsha kinga ya mwili. Kwa upande mwingine, mtu wa presha anayemeza kaptopri au enalapri akapata kikohozi kikavu cha kukereketa koo, bila kubanwa na pumzi, kwa kawaida mapafu yake ni mazima kabisa. Hiyo ni kero inayojulikana ya kundi hilo la dawa, na huisha ndani ya wiki chache baada ya daktari kumbadilishia. Mtu huyo asichanganywe na yule ambaye mapafu yake yameumizwa na dawa.

Binti wa Makambako

Asante sana, kaka mfamasia. Kidonge cha leo hakimezwi, nimekificha, ingawa mama amenuna na kuniuliza ni lini nilisomea udaktari. Tumepata usafiri wa kesho alfajiri.

Kamwene Iringa

Kamwene, ndugu wana Nyanda za Juu. Mimi nimo katika orodha ya mfamasia, kwenye jina la methotreksati, basi niwaambie yaliyonipata.

Nina baridi yabisi ya viungo. Nilianzishiwa methotreksati, ambayo kwa ugonjwa wetu humezwa mara moja kwa wiki, narudia, mara moja kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki. Mimi niliichagua Jumapili baada ya ibada ili nisisahau. Katika mwezi wa tano nilipata homa, kikohozi kikavu, na pumzi ikawa fupi kiasi kwamba kufua shuka moja kulinichosha. Nilipima malaria mara mbili, hakuna. Nilipewa antibayotiki katika kituo nisichotaka kukitaja, sikupona, na katika siku zote hizo niliendelea kumeza methotreksati yangu kila Jumapili kwa uaminifu. Aliyegundua alikuwa daktari kijana wa zamu ya usiku, ambaye badala ya kuniuliza nakohoa tangu lini aliniuliza nameza nini, tangu lini, na kwa siku gani. Alisimamisha dawa usiku uleule, nikawekewa oksijeni, nikapewa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, pamoja na antibayotiki kwa tahadhari, na baada ya kama siku nne nikaanza kulala nikiwa nimejinyoosha.

Nilichoelezwa baadaye ni kwamba kwa methotreksati shida hii hutokea zaidi katika mwaka wa kwanza, na kwamba haitegemei sana ukubwa wa dozi, kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba "mimi nameza kidogo". Waliozidi umri wa miaka 60, wenye kisukari, na wale ambao mapafu yao yalikuwa na kasoro kabla, wako katika hatari zaidi. Ndiyo maana eksirei ya kifua hupigwa kabla ya kuanza: siku ukianza kukohoa, daktari awe na picha ya zamani ya kulinganisha nayo. Yangu haikupigwa. Nilishauriwa pia nisirudie dawa ile, maana ikirudiwa inaweza kunipiga tena.

Na jambo la pili, ambalo halikunipata mimi bali jirani yangu: aliandikiwa methotreksati ya kila wiki, kwenye bahasha ya dawa ikaandikwa kama dawa ya kila siku. Alimeza siku 6 kabla mwanawe hajashtuka. Yeye haikumshika mapafu, ilimshika mdomo kwa vidonda na damu ikashuka, lakini tangu hapo mimi hukataa kuondoka dirishani kabla siku ya kumeza haijaandikwa kwa jina lake.

Tabibu wa Rungwe

Nimefurahi kuiona mada hii, na pia imenichoma, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wanaouliza "unakohoa tangu lini". Katika chumba chenye wagonjwa 60 wa asubuhi, mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili mawazo yetu huenda moja kwa moja kwenye kifua kikuu, na ni sawa yaende huko. Kosa ni kubaki huko baada ya majibu kusema hakuna.

Dada ameuliza mtu atajuaje. Ukweli ni kwamba hakuna kipimo kimoja cha damu wala cha makohozi kinachosema "hii ni dawa". Tunafika hapo kwa kuondoa mengine na kwa kulinganisha tarehe. Tunaondoa kifua kikuu, nimonia ya vijidudu, moyo kushindwa kusukuma damu, na kwa mtu mwenye VVU au anayetumia dawa za kushusha kinga tunaiondoa pia ile nimonia ya Pneumocystis, kwa sababu huja na kikohozi kikavu na pumzi fupi kama hivi. Huku kwetu tunauliza pia kuhusu banda la kuku, nyasi zilizoota ukungu, na dawa za kupulizia viazi, maana vipo vitu visivyo dawa za binadamu ambavyo hujeruhi mapafu vilevile. Kisha tunachora mstari: dawa ilianza lini, dalili zilianza lini, na je, dalili zilipungua dawa ilipoachwa? Mstari huo mara nyingi una uzito kuliko picha. Nikiweka kipimia sauti mgongoni, kwenye sehemu za chini za mapafu, mara nyingi nasikia mikwaruzo midogo mtu anapovuta pumzi, kama anayekanyaga majani makavu kwa mbali, pande zote mbili. Eksirei yaweza kuonyesha weupe kama ule wa mama, au isionyeshe kitu mwanzoni, na hapo sitiskani ya kifua huona zaidi.

Kuna jambo la milimani ambalo wenzetu wa pwani hawakumbani nalo. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni husoma chini kidogo kwa watu wazima kabisa wanaoishi juu sana, kama Makete ambako ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Asilimia 93 ya mtu wa Makete si sawa na asilimia 93 ya mtu wa Dar es Salaam. Kwa hiyo nisiposhawishika na namba ya mgonjwa akiwa amekaa, namwomba atembee nami kwenye varanda kwa dakika chache, napima tena. Mapafu yaliyovimba hujificha mtu akiwa kwenye kiti, lakini akitembea namba inaporomoka. Mama mwenyewe ameshakifanya kipimo hicho kwenye kilima cha kanisani, ila hakuna aliyekiandika.

Kuhusu tiba, kitendo kikubwa ni kuiondoa dawa. Prednisoloni huongezwa kwa wale waliobanwa sana au wasiopata nafuu baada ya dawa kuachwa, na uamuzi huo ni wa daktari aliyemwona. Nasisitiza hivyo kwa sababu prednisoloni inauzwa ovyo. Hupandisha sukari na presha, huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na mtu aliyeimeza kwa wiki nyingi akiiacha ghafla anaweza kuanguka. Asiinunue mtu kwa kusoma hapa.

Kuhusu bleomaisini niongeze machache, kwa kuwa huku kwetu watu wengi wenye VVU waliopata saratani ya Kaposi wameipata dawa hii. Mwilini kuna kimeng'enya kinachoivunjavunja, lakini mapafu na ngozi vina kiasi kidogo sana cha kimeng'enya hicho, ndiyo sababu madhara yake hujitokeza hapo: ngozi hubadilika rangi, na mapafu huvimba kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10. Hatari huongezeka kadiri jumla ya dozi zote inavyopanda, hasa ikizidi yuniti 400, na kwa wenye figo dhaifu, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa, na kwa wavutaji sigara, wazee, na waliopigwa mionzi kifuani. Kwa hiyo anayehama kliniki katikati ya tiba, mathalani kutoka Songea kuja Mbeya, lazima abebe karatasi inayoonyesha ameshapata kiasi gani, maana bila jumla hiyo daktari mpya anahesabu kuanzia sifuri. Na hata ikiwa miaka imepita, akitakiwa kufanyiwa upasuaji amwambie mtoa dawa ya usingizi kwamba aliwahi kupata bleomaisini, kwa sababu oksijeni nyingi kupita kiasi inaweza kuyajeruhi mapafu hayo upya.

Mjukuu wa Matamba

Samahani kwa kudandia mada ya mwenzangu. Babu yangu anameza amiodaroni, na baada ya kusoma hapa familia imegawanyika, wengine wanataka aiache leo. Tufanyeje?

Mfamasia Mbeya

Ndugu yangu, msiiache wenyewe. Hii ndiyo ile niliyoiogopa. Amiodaroni inashikilia mapigo ya moyo wa babu, na kuiacha bila mwenye kusimamia kunaweza kumwua haraka kuliko mapafu yanavyoweza kumdhuru. Tena haina faida ya haraka, kwa sababu hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili na huchukua miezi kutoka, kwa hiyo kuikosa leo hakubadilishi kilichomo mapafuni wiki hii. Kama babu hakohoi na pumzi yake ni ileile, muulizeni daktari wake maswali mawili katika kliniki ijayo: je, anameza dozi ndogo kuliko zote inayomtosha, na je, ana eksirei ya kifua ya kabla hajaanza na ya mwaka huu? Wanaomeza miligramu 400 au zaidi kwa siku kwa muda mrefu ndio huathirika zaidi. Kama ameanza kukohoa au kuchoka kwa namna mpya, msingoje kliniki, mpelekeni sasa, na dawa ziwe mkononi.

Mzee wa Sao Hill

Nimesoma yote. Marahaba mfamasia. Naondoa ushauri wangu wa kufukiza, lakini la moshi silitoi: huyo mama akirudi nyumbani asirudi kwenye jiko la kuni, dawa iwe imemdhuru au haikumdhuru.

Tabibu wa Rungwe

Hilo la moshi, mzee, nakuunga mkono bila sharti.

Binti wa Makambako (wiki tano baadaye)

Wanajukwaa, niliahidi kurudi.

Tulifika hospitali, mama akalazwa siku 9. Kukaa, oksijeni yake ilikuwa asilimia 91. Alipotembezwa ukumbini ilishuka hadi 84, na daktari akaacha kuuliza habari za nimonia. Moyo ulipimwa, uko vizuri. Makohozi yalirudiwa, hakuna kifua kikuu. Sitiskani ilionyesha uvimbe katika tishu za mapafu yote mawili, zaidi sehemu za chini, pamoja na alama chache ambazo daktari anahofu ni makovu. Vipimo vya ini navyo vilikuwa vimepanda kidogo, na figo si nzuri kama tulivyodhani. Kuhusu figo tuliambiwa kwamba zikishadhoofika dawa hii haifanyi kazi vizuri kwenye kibofu, na madhara yake kwingine huongezeka, kwa hiyo hata bila habari ya mapafu ilipaswa kutazamwa upya. Ile miadi ya miezi mitatu ambayo hatukwenda ndipo hayo yote yangepimwa. Nimelala nikiliwaza hilo zaidi ya usiku mmoja.

Nitrofurantoini imeachwa moja kwa moja. Alianzishiwa prednisoloni, nayo inapunguzwa kidogokidogo kila baada ya wiki mbili. Kikohozi kimepungua sana, juzi alikipanda kilima kwa kupumzika mara moja tu. Daktari hakutuahidi kwamba pumzi itarudi yote. Alisema miezi michache ijayo ndiyo itaonyesha kipi kilikuwa uvimbe na kipi kilishakuwa kovu.

Na UTI? Hilo nalo lilitushangaza. Baadhi ya zile nyakati alizokuwa akipewa dawa, mkojo ulikuwa na bakteria lakini yeye hakuwa na dalili yoyote, na tukaelezwa kwamba kwa wanawake wa umri wake hilo ni la kawaida na halihitaji antibayotiki. Kuanzia sasa akiwa na dalili, mkojo utaoteshwa maabara kwanza ndipo dawa ichaguliwe. Amepewa pia krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, ambayo kwa mwanamke aliyekoma hedhi hupunguza UTI za kujirudia. Mama ameipokea kwa kusitasita, lakini anaitumia.

Nimenunua daftari la kurasa 48. Mama, kwa mwandiko wake wa ubaoni, ameorodhesha kila anachomeza, tarehe ya kuanza, sababu, na tarehe ya kuacha, mpaka dawa ya minyoo. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa wino mwekundu: "Nitrofurantoini. Nisipewe tena. Iliniumiza mapafu." Jana alilipeleka kwenye duka la dawa alikokuwa akinunua, akamsomesha yule binti muuzaji kana kwamba yuko darasa la tatu. Kaka mfamasia, nina swali moja: je, tukio kama hili linaripotiwa popote, au linaishia kwenye daftari letu?

Mfamasia Mbeya

Nimefurahi sana, dada, na umpe mwalimu salamu zangu. Yule binti wa duka msimlaumu peke yake. Maduka ya dawa muhimu, tangu mpango wake ulipoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamewafikishia dawa watu wa vijiji ambavyo mfamasia hafiki, lakini muuzaji anayemwona mteja yuleyule akirudi kila mwezi na boksi tupu hana mahali pa kusoma kwamba cheti kilikuwa cha miezi mitatu. Ndiyo maana daftari la mama linafaa liandikwe pia tarehe ya kurudi kwa daktari, karibu na jina la kila dawa ya muda mrefu.

Linaripotiwa, ndiyo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, ndiyo inayopokea taarifa za madhara ya dawa, na ina ofisi ya kanda hapa Mbeya. Mgonjwa au ndugu yake anaruhusiwa kutoa taarifa mwenyewe, ingawa ni vizuri zaidi daktari aliyemtibu aijaze fomu, kwa kuwa ana majibu ya vipimo. Si lazima muwe na uhakika wa asilimia 100 kwamba ni dawa. Kushuku kwa sababu ya msingi kunatosha. Taarifa za Tanzania huunganishwa na za nchi nyingine katika mpango wa Shirika la Afya Duniani ambao nchi yetu iliingia mwaka 1993, na madhara ya nadra hugunduliwa kwa kukusanya taarifa moja moja kama ya mama kutoka sehemu nyingi.

Mtakachohitaji ni jina la dawa na la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe alipoanza na alipoacha, na maelezo ya yaliyotokea. Namba ya toleo imechapwa ubavuni mwa boksi karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Natumaini lile boksi ulilolificha hukulitupa.

Binti wa Makambako

Lipo, kaka. Liko juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa ya sherehe. Nitalipiga picha usiku huu.